Friji Kushika Barafu Sana Si Sifa

Nianze na dhambi yangu. Nikiwa na miaka 14 niliua friji ya mathe kwa kisu cha kukata sukuma.

Ilikuwa friji ndogo ya mlango mmoja, na kale kafreeza ka juu kenye kamlango ka plastiki. Barafu ilikuwa imejaa huko ndani mpaka kale kamlango hakafungi. Na maze, tulikuwa tunajivunia. Mgeni akija anaambiwa, "Hii friji inashika barafu, si mchezo." Hakuna aliyejiuliza kwa nini maziwa ya rafu ya chini yalikuwa yanaharibika siku ya pili. Lawama zote zilienda kwa mwenye kiosk.

Jumamosi moja mathe akaniambia nitoe ile barafu. Nikachukua kisu. Dunga, dunga, pande moja kubwa likatoka, nikajiona fundi. Kisha nikasikia "pssss", kama soda inafunguliwa polepole. Hiyo ilikuwa gesi yote ya friji ikienda zake.

Fundi alipokuja aliangalia lile tundu, akaangalia barafu iliyobaki kwa beseni, akamwambia mathe: "Mama, hii friji ilikuwa imekufa nusu kabla huyu kijana hajaidunga. Hii barafu ndiyo ilikuwa inaiua."

Mathe hakumwelewa. Mimi pia. Si kazi ya friji ni kutengeneza barafu?

Miaka imepita na hilo neno la fundi halijanitoka, kwa hivyo nimekuwa nikifuatilia historia yake. Kumbe watu wamepigana na barafu ndani ya mashine za kupoza tangu hizo mashine zianze kufanya kazi ya maana. Na makosa yetu pale jikoni, kudhani barafu ndiyo baridi, ni ya zamani sana. Moja ya mifano iliyoandikwa vizuri inatoka hapa kwetu.

Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alikuwa safarini kutoka Rabai, pale juu ya Mombasa, akielekea nchi ya Wachaga. Akaona kitu cheupe juu ya mlima. Akamuuliza aliyekuwa anamwongoza hiyo ni nini. Jamaa akamjibu kwa neno moja: baridi. Rebmann akaandika kwa daftari lake kwamba ile ni theluji. Habari zikafika London, na huko kuna msomi mmoja, William Desborough Cooley, ambaye hakuwa amewahi kufika hapa, akakataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Haiwezekani. Ilichukua zaidi ya miaka 10 mpaka msafara wa Baron von der Decken upande Kilimanjaro na kuthibitisha kwamba Rebmann hakuwa anaota.

Watu husimulia hiyo hadithi wakimcheka Cooley, na ni sawa, anastahili. Mimi nilikwama kwa yule mwongozaji. Hata ukiangalia maneno tunayotumia leo, yote mawili ni ya kuazima: barafu ilitoka kwa Kiajemi, theluji kwa Kiarabu, yakaja na watu wa Bahari ya Hindi. Neno "baridi" ndilo alilokuwa nalo karibu, akaliweka pale. Na alikuwa na haki yake, alikuwa anaiangalia kutoka mbali. Sisi tuko na friji kwa nyumba na bado tunafanya vile vile.

Sasa, wakati Rebmann anabishana na London, barafu tayari ilikuwa biashara kubwa. Frederic Tudor wa Boston alianza mwaka 1806 kwa kupeleka shehena ya barafu Martinique, kule Karibi. Walimcheka, na akapata hasara. Lakini alikuwa kichwa ngumu. Mwaka 1833 meli iliyoitwa Tuscany ilitoka Boston na karibu tani 180 za barafu iliyokatwa kwa maziwa ya huko, ikakaa baharini miezi minne, ikavuka ikweta mara mbili, ikafika Calcutta, India, na karibu tani 100 zikiwa bado zipo. Siri ilikuwa maranda ya mbao. Unaifunika barafu kwa kitu kisichopitisha joto, na inakaa.

Kuna somo hapo ambalo wengi waliokuwa na makabati ya barafu hawakulipenda. Kabla ya friji za stima, mtu Marekani alikuwa na sanduku la mbao, juu anaweka pande la barafu, chini anaweka chakula. Barafu ilikuwa inauzwa, kwa hivyo wengine waliifunga kwa magazeti au blanketi ili isiishe haraka. Na kweli haikuisha haraka. Lakini chakula kilioza. Kwa sababu barafu inapoza kwa kuyeyuka. Ile kuyeyuka ndiyo kazi yenyewe, inakula joto la nyama na maziwa. Barafu ambayo haiyeyuki imekaa tu kama mgeni wa wiki tatu, inachukua nafasi na haioshi hata kikombe.

Rudi kwa friji ya mathe ukiwa na hilo kichwani. Ile barafu ya freeza haikuwa inayeyuka. Ilikuwa inapoza nini?

Niseme jinsi friji inavyofanya kazi kwa haraka, halafu tuende baharini. Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto. Kuna mirija ndani yenye kitu ambacho kinachemka kikiwa baridi sana, chini ya sifuri. Ili kichemke kinahitaji joto, na joto kinalitoa kwa nyanya zako. Kompresa inakivuta kikiwa gesi, inakibana, na lile joto linatupwa nyuma ya friji, ndiyo maana paka wa mtaa anapenda kulala huko. Kwa hivyo kila kitu kinategemea mlango mmoja: ule ukuta mwembamba wa chuma kati ya hewa ya ndani na gesi inayochemka. Joto lazima lipite hapo.

Na hapo ndipo barafu inakaa. Unafungua mlango wa friji, hewa ya jikoni inaingia na mvuke wake. Mvuke unagusa chuma chenye baridi ya chini ya sifuri, unaganda papo hapo. Safu ya kwanza ni nyembamba kama unga. Ya pili inakaa juu ya ya kwanza. Aluminiamu hupitisha joto karibu mara 100 kuliko barafu ngumu. Na ule ukungu mweupe wa freeza ni mbaya zaidi, kwa sababu umejaa vijishimo vya hewa, na hewa iliyofungiwa ndiyo blanketi bora duniani. Wainuiti wa kaskazini ya mbali walijenga nyumba za theluji na wakalala ndani wakiwa na joto lao. Sasa wewe unajengea gesi ya friji yako nyumba kama hiyo. Baridi inabaki ndani ya blanketi, maziwa yanabaki nje.

Kompresa haijui hayo yote. Thamostati inasema bado kuna joto, kwa hivyo kompresa inakimbia. Ikikimbia, mirija inazidi kuwa baridi. Ikizidi kuwa baridi, inavuta mvuke zaidi. Unaona hiyo duara? Ubaridi unatengeneza barafu, barafu inazuia ubaridi, mashine inaongeza ubaridi, na tokeni za stima zinaisha tarehe kumi.

Haya, baharini.

Mwaka 1882 New Zealand ilikuwa na shida ya ajabu: kondoo wengi kuliko watu wa kuwala. Uingereza ilikuwa na watu wengi na nyama kidogo. Katikati kulikuwa na safari ya miezi mitatu kupitia joto la ikweta. Wengine walikuwa wamejaribu na kuaibika. James Harrison wa Australia alituma nyama London mwaka 1873 kwa meli ya Norfolk akitumia barafu, na ilifika imeoza, akafilisika. Kisha Strathleven ikatoka Australia na mashine ya kupoza ndani yake na kufika London mapema 1880 na nyama iko sawa. Njia ilikuwa imefunguka.

Dunedin ilikuwa meli ya matanga. Fikiria hiyo picha: matanga, kamba, upepo, na katikati dohoni kuna injini ya mvuke inayoendesha mashine ya kupoza ya aina ya Bell-Coleman, na bomba la moshi limechomoza kati ya milingoti. Cheche zilikuwa zinaruka na kuchoma matanga. Ilitoka Port Chalmers tarehe 15 Februari 1882 na karibu mizoga 5,000.

Mashine ya Bell-Coleman haikutumia gesi maalum. Ilitumia hewa hii hii ya kawaida. Unaibana hewa, inapata moto, unaipoza kwa maji ya bahari, halafu unaiachilia itanuke ghafla. Ikitanuka inashuka mpaka chini sana ya sifuri, na unaipuliza moja kwa moja kwenye nyama. Safi, hakuna sumu. Lakini hewa ya bahari ina mvuke, na mvuke haujui kwamba wewe una biashara. Ndani ya hizo mashine ulikuwa unageuka theluji. Theluji halisi, ndani ya mabomba, kwenye joto la tropiki, na mabaharia wako juu wanavuja jasho. Inajaa njia za hewa, hewa inapungua, nyama inaanza kupata joto. Waliotengeneza mashine za aina hiyo walilazimika kuweka sanduku maalum la kukamata theluji, na mtu wa kulifungua na kuichota. Mashine ya kupoza, na ndani yake kuna mtu na koleo anaondoa barafu.

Dunedin ilipofika maeneo ya joto, hewa baridi ikawa haizunguki vizuri kwa shehena. Nahodha, John Whitson, akaamua kuingia mwenyewe. Akatambaa ndani ya njia kuu ya hewa kwenda kutoboa matundu zaidi ili hewa ipite. Huko ndani baridi ikamshika mpaka mwili ukakufa ganzi, hawezi kurudi nyuma. Msaidizi wake akatambaa akimfuata, akamfunga kamba miguuni, wakamvuta nje kama gunia. Nahodha karibu agande katikati ya tropiki akihangaikia hewa. Kama hukumbuki kitu kingine kwa hii post, kumbuka hicho. Watu hufikiri kupoza ni kutengeneza baridi. Whitson alikuwa na baridi ya kumuua mtu ndani ya lile bomba, na hatua chache kutoka hapo nyama ilikuwa inapata joto. Baridi ipo, lakini haifiki.

Walifika London tarehe 24 Mei, siku 98 baadaye. Katika mizoga yote ile ni mmoja tu uliotupwa. Uchumi wa New Zealand ukabadilika kabisa. Dunedin yenyewe ilipotea baharini mwaka 1890 na mabaharia wake wote, ikiwa safarini tena kwenda Uingereza.

Mashine za hewa hazikukaa sana. Wajerumani kama Carl von Linde walikuwa tayari wanatumia amonia inayozunguka ndani ya mirija iliyofungwa, na viwanda vya bia vilizipenda sana. Lakini shida haikuondoka, ilihama tu. Badala ya theluji ndani ya bomba, sasa ni barafu nje ya bomba. Ukiona picha za maghala ya zamani ya nyama, ile mirija ya ukutani ni myeupe na minene kama miguu ya ndovu. Njia za kuitoa zilikuwa kukwangua, kusimamisha mashine, au kugeuza gesi ya moto ipite palipokuwa panapita baridi. Hiyo ya mwisho ilikuwa akili kubwa, na tutairudia.

Kitu kimoja nataka tuelewane: adui hapa si baridi. Ni maji yaliyo kwenye hewa. Willis Carrier, anayeitwa baba wa AC, alianza mwaka 1902 kwa shida ya kiwanda cha kuchapisha huko Brooklyn. Karatasi zilikuwa zinatanuka na kusinyaa kwa sababu ya unyevu, rangi hazikai pamoja. Alipitisha hewa juu ya mirija baridi ili maji yadondoke. Kupoza watu kulikuja baadaye kama bonasi. Kwa hivyo AC ilizaliwa kama mashine ya kukamua maji kwenye hewa, na kazi hiyo bado inafanya, ndiyo maana kila AC ina kale kabomba kanakodondosha maji kwa kichwa chako ukipita chini ya jengo.

Hii ndiyo sababu mtu wa Mombasa na mtu wa Nairobi wakinunua friji moja hawapati maisha sawa. Hewa ya Pwani imebeba maji mengi. Kila ukifungua mlango unamwaga hayo maji ndani. Yule binamu yako wa Likoni anayesimama na mlango wazi akifikiria kama ana njaa, anatengeneza barafu kwa mkono wake.

Na kwa AC, ukiona barafu usifurahi hata kidogo. Koili ya AC ikiwa mzima hukaa nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Inatoa jasho, haitakiwi kuganda. Ikiganda, mara nyingi ni mambo mawili: chujio limejaa vumbi mpaka hewa haipiti, au gesi imepungua. La pili linachanganya watu. Gesi ikipungua, si ungetarajia joto? Lakini presha ikishuka, ile iliyobaki inachemka ikiwa baridi zaidi, chini ya sifuri, na pale mahali pamoja inapochemkia panaganda. Kisha barafu inafunga nafasi kati ya mapezi ya koili na feni inapuliza ukuta. Watu kwa ofisi wanahisi joto, mmoja anachukua rimoti anashusha mpaka 16. Ameongeza moto kwa moto, ila huu ni moto wa barafu. Ikiendelea hivyo, gesi inaweza kurudi kwa kompresa ikiwa bado maji maji, na kompresa haiwezi kubana maji. Inavunjika. Kinachotakiwa ni kuzima ubaridi, kuacha feni peke yake iyeyushe, kusafisha chujio, na kama ikirudi kuganda, uite fundi atafute pa kuvujia.

Friji za nyumbani zilienea Marekani kuanzia miaka ya 1920. Ile ya General Electric ya 1927, iliyobeba kompresa yake juu kama kofia, iliuzwa zaidi ya milioni. Na kwa kila nyumba ilileta kazi mpya: siku ya kuyeyusha. Zima, toa chakula, weka sufuria ya maji moto, subiri, panga tena. Kazi ya akina mama, kama kawaida, na matangazo ya biashara hayakuisema.

Miaka ya 1950 ndiyo zile tunazoziita "no frosti" zikaanza kuingia sokoni huko. Suluhisho lao likinifikia mara ya kwanza nilidhani ni utani. Walificha koili nyuma ya ukuta, wakaweka feni ya kusambaza hewa, halafu wakaweka hita. Hita! Ndani ya friji! Mara kadhaa kwa siku saa maalum inasimamisha kompresa, hita inawaka, ukungu unayeyuka ukiwa bado mwembamba, maji yanashuka kwa kabomba mpaka kasahani kalicho chini karibu na kompresa, na joto la kompresa linayakausha. Kisha baridi inarudi. Unalipia stima ya kupasha moto kitu unacholipia stima kukipoza, na bado inakuwa afadhali kuliko kuishi na barafu. Hapo ndipo nilielewa ukubwa wa hii shida. Watu wenye akili zao walikaa chini, wakahesabu, wakaona heri kuwasha hita.

Kuna jamaa mmoja siwezi kumpita. Frederick McKinley Jones, Mmarekani mweusi, alizaliwa 1893, yatima mapema, akatoka shule akiwa bado mtoto. Alijifunza mashine kwa gereji na mashamba ya Hallock, Minnesota. Wakati huo lori la nyama lilikuwa linabeba barafu na chumvi, na njia ikiwa ndefu au gari likiharibika, nyama inatupwa. Mwaka 1938 Jones alitengeneza mashine ya kupoza iliyofungwa kwa lori lenyewe, inayovumilia mashimo ya barabara na kujiwasha na kujizima yenyewe. Kampuni waliyoanzisha na Joseph Numero ndiyo Thermo King, na jina hilo utaliona kwa malori yakipanda Rironi. Alikufa 1961 akiwa na hataza zaidi ya 60, na mwaka 1991 akapewa Nishani ya Taifa ya Teknolojia, mweusi wa kwanza kuipata. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo nampenda huyu mzee kwa sababu za wazi, lakini tusidanganyane: yeye hakuacha kusoma, aliacha darasa tu.

Na kwa kuwa tuko Minnesota, ambako kuna Wakenya wengi, kuna upande wa pili wa hii habari usioujua kama hujawahi kuishi kwa baridi. Friji ukiigeuza inakuwa hita. Inachukua joto nje, hata kama nje ni baridi, inalileta ndani. Zurich, Uswisi, walipasha joto jumba la jiji hivyo mwaka 1938, wakitoa joto kwa maji ya mto Limmat. Leo nyumba nyingi zinatoa joto kwa hewa, na koili iko nje. Sasa barafu inashika nje ya nyumba. Ikijaa, feni inapuliza ukuta, nyumba inapoa, bili inapanda. Kwa hivyo kila baada ya muda mashine inajigeuza yenyewe: inatoa joto kidogo ndani ya nyumba na kulipeleka nje kuyeyusha barafu. Ile akili ya gesi ya moto ya maghala ya zamani. Kwa dakika chache mvuke mzito unapanda kutoka kwa ile mashine, na mtu aliyetoka juzi Eldoret anapiga simu akisema nyumba inaungua. Hakuna kinachoungua.

Lakini mahali hii kitu inauma kabisa ni kwa chanjo.

Mwaka 1922 wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, walibuni friji isiyo na kompresa, inayoendeshwa na moto tu. Electrolux ikaichukua. Ndiyo maana kukawa na friji za mafuta ya taa, na ndizo zilifika misheni, dispensari na mashamba ya Afrika ambako stima haikuwa ndoto. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa chanjo mwaka 1974, na Kenya ikaanzisha wake mwaka 1980, friji za aina hiyo zilikuwa kati ya silaha za vijijini. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Zikipata joto zinakufa. Na zingine, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, zikiganda zinaharibika pia, na huwezi kulijua hilo kwa kuangalia chupa ndani ya friji. Mtoto anachomwa sindano, analia, kadi inaandikwa, na hana kinga.

Sasa weka barafu nene kwa hiyo friji. Sehemu moja inapata joto kwa sababu baridi haipiti. Nesi anaona kipimajoto kimepanda, anaongeza moto au anazungusha kidude. Karibu na barafu kunazidi kuganda. Kwa friji moja una chanjo zilizopata joto na chanjo zilizoganda. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauachi hii kitu kwa hisia: barafu ikizidi nusu sentimita, yeyusha, au yeyusha mara moja kwa mwezi, chochote kinachotangulia. Nusu sentimita! Ya mathe ilikuwa na unene wa kitabu cha hesabu.

Najua kuna mtu atauliza: na stima ikipotea, si ile barafu inasaidia? Inasaidia, ikiyeyuka. Lakini kwa hiyo kazi jaza chupa za plastiki maji, usijaze mpaka juu, zigandishe. Barafu ni ile ile, ila haijakalia koili. Friji nyingi za kisasa za chanjo zinafanya hivyo hivyo, zina barafu iliyofungiwa kwenye kuta zake, na zinavumilia stima ikipotea kwa saa nyingi.

Mathe alinunua nyingine baadaye, ya mlango mmoja tena, maana za hita zilikuwa bei. Siku hizi anapitisha kidole kwa freeza kila Jumamosi. Akiona ukungu umeanza kunenepa anazima kwa ukuta, anaweka sufuria ya maji moto kwa freeza juu ya kitambaa, taulo chini, mlango wazi, halafu anaenda kufua. Akirudi barafu imeanguka yenyewe. Mimi naruhusiwa kukamua taulo. Visu bado anavificha.